Kibuyu Kilicholetwa na Basi

Desemba ikikaribia kuisha, kila mwenye bando la intaneti anakuwa mwandishi. Anaushukuru mwaka kwa kumfunza, anawasamehe waliomkosea bila kuwataja ila wanajijua, kisha anatangaza vipaumbele vya mwaka mpya, ambavyo ni vilevile vya mwaka jana vikiwa vimepigwa pasi. Na mimi nimeandika vyangu. Vikwazo: nimehamahama mno, nimeandika kidogo mno. Vipaumbele: kutulia, kuandika. Nilipovisoma nilicheka, maana niliandika hivyohivyo nikiwa Singida, na kabla ya hapo nikiwa machimboni Mererani, ambako nilikwenda kutafuta utajiri nikapata kikohozi.

Ugonjwa huu wa kupima mwaka niliambukizwa shule ya msingi, Rhotia, na mwalimu tuliyemwita Madam. Watoto walimwita Madam, wazazi walimwita Madam, na hata marehemu mumewe, mtu mpole aliyekuwa fundi seremala, alimwita Madam wakiwa mezani, wala hakuwa anatania.

Madam alikuwa anaandika kitabu. Jambo hili lilijulikana Rhotia nzima kama inavyojulikana kwamba kanisa lina kengele. Kitabu kilihusu Rhotia yenyewe: watu wake, mahindi yake, harusi zake, na vibarua waliokuja kutoka Singida, Dodoma na Mbulu kuchuma kahawa kwa msimu mmoja wakabaki wakazikwa hapa. Na kila siku ya mwisho ya mwaka, badala ya kuwaalika majirani kula tu kama watu wa kawaida, aliwaalika wamsikilize akitoa taarifa ya kitabu. Tuliketi nyuma ya nyumba yake kwenye viti vya plastiki vya kuazima kanisani. Aliweka miwani, akasimama, akasubiri mpaka hata kuku wanyamaze.

"Sehemu ya kwanza, vikwazo," alianza.

Neno "changamoto" alilipiga marufuku kwake. "Changamoto ni shida iliyovaa tai," alisema. "Semeni shida. Haiumi."

Vikwazo vyake vingetosha kitabu kingine, na pengine kingekwisha. Mwaka mmoja tembo walishuka kutoka msituni wakala mahindi yake, na yeye akaweka kalamu chini ili akawafukuze kwa kugonga debe shambani. Mwaka mwingine mbuzi wa jirani aliingia ndani akala sura ya mzee wa kanisa, akaharisha. Madam alitangaza kuwa huyo ndiye mhakiki wa kwanza aliyesoma mpaka mwisho na kusema kweli. Umeme ulipofika tulidhani mambo yamekwisha, sasa ataandika hata jioni. Taarifa ya mwaka ule ilisema: "Kikwazo, tamthilia ya saa tatu." Alisema bila aibu, na akina mama wote waliitikia kwa kichwa kama wanaosikia msiba wa pamoja.

Sehemu ya pili ilikuwa vipaumbele. Hapo alifupisha: "Kipaumbele ni kimoja. Sura ya kwanza." Kisha aliketi, na mtu mmoja aliwahi kuuliza haraka kama chai iko tayari.

Maana ndiyo hivyo, kitabu hakikuwa na sura ya kwanza. Kilianzia sura ya pili.

Kila mtu alijua sababu, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyeisema. Sura ya kwanza ilikuwa ya binti yake, mtoto wake wa pekee. Alimsomesha uuguzi kwa kuuza maharage na kwa kubana kila kitu isipokuwa maneno. Binti alipangiwa kazi zahanati ya Piyaya, ng'ambo ya geti la hifadhi ya Ngorongoro, huko kwa wafugaji. Akaenda akiwa na sanduku moja, na baada ya muda akaleta habari kwamba ameposwa na kijana wa Kimasai, na kwamba amekubali. Madam alisimama mlangoni akamwambia: "Ukivuka lile geti kwenda kuolewa na ng'ombe, usinirudie na harufu yao."

Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe wawili bandani, hatua chache kutoka mlango ule. Kila Jumapili alipopiga magoti kanisani, benchi zima lilijua kwamba amekamua kabla ya kuja. Lakini harufu ya kwenye sentensi, nadhani, ilikuwa ya fasihi. Binti alivuka geti. Akaolewa. Hakurudi.

"Sura ya kwanza inaanza na ile sentensi," aliwahi kuniambia, siku moja nilipopita nikitoka Dodoma. "Ni sentensi safi, haina kosa hata moja. Ndiyo maana siwezi kuisahihisha."

Nilipenda kupita kwake kila nilipokuwa kati ya mji na mji, na nimekuwa kati ya mji na mji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kila mara alinipokea kwa neno moja.

"Umerudi kuaga?"

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kaa, kunywa uji, halafu niambie unakwenda wapi, maana viatu hujavua."

Alinifundisha kuandika kwa kunidharau vizuri. Darasa la sita niliandika insha kuhusu kreta ya Ngorongoro nikasema ina mandhari nzuri yenye kuvutia. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mlima haukuombi maksi. Uliona nini?" Sikuwa nimeona kitu. Sikuwa nimewahi kufika. Tuliishi pale chini yake, wageni wanatoka nchi za mbali kwenda kuiona, na sisi tuliiandikia insha kwa kusikia injini za magari yao. Leo ninafanya kazi ya upishi kwenye kambi za watalii, nimeiona kreta mpaka imenichosha, na bado wino ule unanifuata. Nikiandika neno "nzuri" nalifuta mwenyewe.

Watalii hakuwapenda, lakini alipangisha chumba kwa wale vijana wa Kizungu wanaokuja kujitolea. Aliwalazimisha wampe shikamoo kila asubuhi, akawatuma kuteka maji, kisha akaandika kwenye taarifa ya mwaka kuwa amekuza utalii. Walimwachia riwaya za mapenzi zenye jalada la watu waliokumbatiana juu ya farasi. Alizikashifu mbele ya kila mtu, na zote zilikuwa zimekunjwa kona za kurasa mpaka mwisho.

Sasa nieleze namna kitabu kilivyoharibika, maana hilo ni kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea Rhotia tu.

Mwaka mmoja, akijisikia vizuri, aliwasomea majirani sura ya harusi. Ilikuwa sura tamu. Watu walicheka, walipiga makofi. Alipomaliza, jirani mwenye mashine ya kusaga akasimama, uso umekunjamana.

"Madam, ule wali umeusifu sana."

"Ulistahili."

"Nani aliupika?"

Madam alirudi ukurasa mmoja nyuma kwenye daftari.

"Nauliza tu. Nilipika wali wa watu wote wale, mume wangu akajikata kidole akichanja kuni, na kwenye kitabu wali umejipika wenyewe?"

Madam, ambaye hakuwahi kumwogopa mkaguzi wa elimu, aliogopa kumuudhi mpishi. Akaahidi kumwandika. Wiki ile akaja aliyechangia ngoma. Kisha akaja mwenye trekta, kwamba bila trekta lake bibi harusi angefika siku ya pili. Kisha wakaanza kuja watu ambao harusi hawakuhudhuria, lakini walikuwa na sababu nzuri za kutohudhuria na walitaka zijulikane. Mzee mmoja wa kijiji cha Daa alimleta mama mkwe wake, akamweka kwenye kiti, akasema, "Huyu naye mwandike mahali popote, hana neno." Kitabu kikanenepa. Kila aliyeingia alikuwa na shangazi.

Na palipo na watu wengi na jambo ambalo halijakamilika, Mtanzania hufanya nini? Huunda kamati. Ikaundwa Kamati ya Kitabu, kwa mfano wa kamati ya harusi, kwa kuwa hatukuwa na mfano mwingine. Ilikuwa na mwenyekiti, mtu mwenye duka la pembejeo, mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hajawahi kusoma kitabu na hilo halikumzuia kuongoza kimoja. Ikajadili sare. Ikajadili sare tena. Ikakubali kitenge cha zambarau chenye maua meupe. Ikatafuta mshereheshaji, ikampata, naye akasema ana nafasi Jumamosi moja tu, ya mwanzo wa Januari. Basi, kwa kuwa mshereheshaji amepatikana na sare zimeshashonwa, uzinduzi ukafanyika.

"Lakini Mwenyekiti, kitabu bado," Madam alisema.

"Madam, kitabu kitakuja. Mshereheshaji hatapatikana."

Nilikuwepo. Mgeni rasmi alikata utepe mbele ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na chini ya kitambaa palikuwa na boksi la madaftari ya Madam yakiwa hayana sura ya kwanza. Keki ilikuwa na umbo la kitabu kilichofunguliwa. Nadhani hicho ndicho kitabu pekee ambacho Rhotia yote imekila ukurasa kwa ukurasa. Madam alikaa meza kuu amevaa zambarau, ametulia, kama mtu aliyealikwa kwenye msiba wake na kukuta chakula ni kizuri.

Juu ya meza ile, katikati ya maua ya plastiki, kamati iliweka pia kibuyu. Sikukitilia maanani. Hakuna aliyekitilia maanani. Hapo ndipo tulipokosea.

Kibuyu kile kilikuwa na historia. Kila mwisho wa mwaka, basi linalotoka Loliondo kupitia hifadhini lilisimama barabarani Rhotia, na konda akashusha kibuyu cha maziwa ya mgando, kirefu, chenye mfuniko wa ngozi na shanga, na harufu ya moshi ambao wafugaji hufukizia vyombo vyao vya maziwa. Hakikuwa na barua wala jina. Madam alikipokea, akakiweka mezani kwa wageni wake wa taarifa ya mwaka, na mtu akiuliza kimetoka wapi, alijibu: "Kimeletwa na basi." Kama vile basi lina chuchu.

Wageni walikunywa. Yeye hakuwahi kunywa mbele yetu. Ila mara moja niliingia jikoni bila kubisha hodi nikamkuta anapitisha kidole kwenye mfuniko, anakilamba, macho ameyafumba. Aliponiona akasema, "Naangalia kama yameharibika."

Na kwa kuwa kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, siku chache baadaye kibuyu kilioshwa, kikakaushwa juani, kikajazwa maharage ya Rhotia mpaka shingoni, kikapandishwa basi la kurudi. Nacho pia bila neno. Mwaka uliofuata kilikuja na maziwa. Kikarudi na maharage. Hivyo ndivyo wanawake wawili wakaidi kuliko punda walivyozungumza kwa miaka, mmoja akisema maziwa, mwingine akijibu maharage, na konda akiwa mkalimani. Kuna ndoa zilizo na maongezi machache kuliko hayo.

Baada ya uzinduzi nilikwenda kufanya kazi ng'ambo nyingine, Mto wa Mbu, kisha kambi moja, kisha nyingine. Sikupita Rhotia karibu mwaka mzima. Mara ya mwisho nilipokutana na Madam ilikuwa asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka huu unaokwisha, na haikuwa Rhotia. Ilikuwa kwenye geti la hifadhi.

Wanaolijua geti lile wanajua asubuhi zake. Ukungu umekaa juu ya msitu, magari ya watalii yamepanga foleni, madereva wamebanana dirishani na vibali vyao, na nyani wanakagua magari kwa umakini ambao ungefaa serikalini. Dereva wetu alikuwa foleni. Mimi nilibaki nikilinda masanduku ya chakula. Nikageuka kumfukuza nyani mmoja, nikaliona basi la Loliondo limeegeshwa, abiria wameshuka kunyoosha miguu. Kwenye ukingo wa saruji alikaa mwanamke amevaa kitenge cha zambarau chenye maua meupe, fimbo imelala pembeni, kibuyu kimesimama mapajani.

"Shikamoo, Madam!"

Alinitazama kupitia miwani iliyokuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. "Marahaba. Leo mimi ndiye ninayekuaga."

"Unakwenda wapi, Madam? Leo si siku ya taarifa?"

"Taarifa ni hii," alisema, akakigonga kibuyu kwa kidole. Kililia kama ngoma. Kilikuwa kitupu.

Akanieleza, kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya. Wiki mbili zilizopita alianza kulingojea basi. Basi lilipita, hakuna kitu. Likapita tena, hakuna kitu. Akakasirika. Akamwambia jirani wa mashine ya kusaga kwamba mtoto amekuwa na kiburi, kwamba hata salamu ya maziwa imemshinda. Alikasirika siku nyingi, na kwa bidii. Mwishowe akamsimamisha konda barabarani.

"Nikamwambia, kijana, mzigo wangu uko wapi? Akanijibu, 'Mama, mzigo gani? Kibuyu si unacho wewe? Januari hukunipa. Yule dada wa zahanati amenisubiri stendi mara nyingi, nikamwambia hamna kitu, akaacha kuja.'"

Nyani akasogea, Madam akamwonyesha fimbo tu, nyani akaheshimu.

"Nilimpa Mwenyekiti akipambie meza," alisema. "Akasema kinaonyesha utamaduni. Nikasahau. Nimekikuta sebuleni kwake juu ya televisheni, kina maua ya plastiki."

Miezi mizima, basi, binti alisimama stendi akisubiri maharage. Sisi tulikuwa tumekula keki.

"Ngoja nikupe simu umpigie kwanza," nikasema. "Mtandao hapa upo. Ukiwa huko chini utapotea."

"Nikipiga simu nitasema sentensi." Alitikisa kichwa. "Za kwangu unazijua."

"Kama ana hasira?"

"Atakuwa nayo. Nimemlea mimi."

"Na akikufukuza?"

Ndipo nikauona mkono wake juu ya ule mfuniko wa shanga, jinsi ulivyokuwa unabana. "Basi lina safari ya kurudi," alisema. "Lakini sitarudi nacho."

Karani wa geti alikuja na orodha yake kwa abiria, kijana nadhifu mwenye haraka. "Bibi, wewe ni mkazi, mtalii wa ndani, au unapita?"

"Andika mama aliyechelewa."

"Hamna hiyo, bibi."

"Basi andika unayotaka. Serikali haijawahi kunielewa."

Akaandika anapita. Konda akapiga bodi la basi, abiria wakaanza kupanda, nami nikamshika mkono kumsaidia ngazi. Konda aliitazama ile shehena yake mkononi akakunja uso.

"Mama, hicho kibuyu kitupu! Utamrudishiaje mtu chombo kitupu? Si mnaijua mila nyinyi? Nunua hata sukari hapo."

Madam aligeuka kwenye ngazi, akamtazama kutoka juu mpaka chini, jinsi alivyotutazama sisi darasa la sita.

"Kitupu? Kwani mimi sijapanda?"

Konda akacheka, akampisha kiti cha mbele. Kabla mlango haujafungwa alinipa kazi, kama kawaida yake. "Wapigie kamati. Vikwazo vya mwaka: kimoja, kiko hapa mapajani. Vipaumbele: kimoja, kukirudisha. Usiongeze maneno. Wewe unapenda kuongeza maneno."

Basi likaondoka, likapanda kona ya kwanza, ukungu ukalifunika. Nikampigia Mwenyekiti. Nyuma ya sauti yake nilisikia sufuria, wanawake wakicheka, na mtu akiuliza chumvi iko wapi. Nilimpa taarifa kama ilivyo.

"Hee!" alisema. "Sasa tufanyeje? Viti vimeshafika. Watu wamevaa sare. Pilau iko motoni."

"Madam amesema nisiongeze maneno."

"Sawa, sawa. Na kile kibuyu..." Alishusha sauti ghafla, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Mimi nilidhani ni pambo tu, ndugu yangu."

"Wote tulidhani."

Akapumua. Kisha uenyekiti ukamrudia. "Lakini nitawaambia nini hawa? Wataniuliza lile swali la kila mwaka. Sura ya kwanza, imeandikwa au haijaandikwa?"

Nilitazama kona ile. Hapakuwa na kitu ila ukungu na mlio wa injini ya zamani ikibadilisha gia, ikipanda.

"Waambie iko njiani," nikasema.

Nikamsikia akiwatangazia kwa ile sauti yake ya uzinduzi. Yakapigwa makofi marefu, na baada ya makofi, mlio wa sahani.